Umeambiwa uwe kiongozi: meneja wa watu, kiongozi wa kiufundi au meneja wa bidhaa?

Umeandika programu kwa miaka mitano au sita. Mfumo unaujua kuliko waliokutangulia, vijana wapya wanaletwa kwako wafundwe, na malipo yakikwama mwisho wa mwezi simu ya kwanza inalia kwako. Siku moja mkurugenzi anakuita, anafunga mlango, anasema: "Tumekaa tukaona, sasa uwe kiongozi." Unashukuru, mnapeana mikono. Ukirudi mezani kwako ndipo unakumbuka kwamba hukuuliza: kiongozi wa nini?

Katika kampuni za teknolojia za leo neno hilo limebeba angalau kazi tatu. Ya kwanza ni ya meneja wa wahandisi: anaajiri, anapanga nani afanye nini, anatathmini, anapandisha na wakati mwingine anaachisha. Ya pili ni ya kiongozi wa kiufundi, ambaye kampuni kubwa humwita mhandisi mkuu akishapanda zaidi. Kwa maandishi hana mtu chini yake, ila mfumo mzima unamtazama yeye. Ya tatu ni ya meneja wa bidhaa. Huyu haandiki programu na hana wa kumwamuru, lakini ndiye anayesema kipi kijengwe sasa, kipi kisubiri na kwa sababu gani.

Mbili za kwanza nimezifanya kwa miaka. Ya tatu niliishika karibu miezi minne, mwenzangu alipokwenda likizo ya uzazi akaunganisha na ya mwaka. Nimeona watu hodari wakiharibikiwa kwa kupokea ya kwanza waliyopewa, na wengine wakikataa uongozi wote kwa sababu walimwona meneja mmoja mbaya. Wote hao walistahili kuelezwa tofauti kabla ya kujibu.

Nitazilinganisha kwa vigezo vinne. Mambo yakiharibika, utaulizwa nini? Siku yako itakwendaje? Utakuwa na mamlaka gani hasa? Na ukiona hapakufai, njia ya kurudi au kusonga mbele ikoje? Mshahara sikuupa kigezo chake, kwa kuwa unategemea kampuni kuliko cheo. Nitaugusa kwenye kigezo cha mwisho, unakohusika zaidi.

Mambo yakiharibika, utaulizwa nini?

Mwana-TANU aliahidi kwamba cheo ni dhamana, na ahadi hiyo CCM wakairithi. Wengi wetu tuliisikia utotoni kabla ya kujua maana yake. Dhamana ni kitu cha watu ulichokabidhiwa, na siku ya kudaiwa ipo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza utapewa nini, uliza utadaiwa nini.

Meneja anadaiwa watu, na kupitia watu hao anadaiwa kazi. Andy Grove, aliyeiongoza Intel, kampuni ya chipu za kompyuta, kuanzia 1987 hadi 1998, alifundisha kwamba zao la meneja ni zao la timu yake pamoja na la timu jirani anazozigusa. Ukiandika programu nzuri ajabu usiku kucha na timu ikachelewa, umeshindwa. Timu ikifanikiwa katika wiki ambayo hukugusa msimbo, yaani maandishi ya programu, hata mstari mmoja, umefaulu. Kwa mtu aliyezoea kujipima kwa kazi ya mikono yake, hesabu hiyo inachukua muda kuingia moyoni.

Kuna waliowahi kuamini kwamba hii si kazi kamili. Mwaka 2002 Larry Page na Sergey Brin, waanzilishi wa Google, waliwaondoa mameneja wa wahandisi katika kampuni yao. Jaribio lilidumu miezi michache tu, maana watu walianza kumpelekea Page mwenyewe madai ya fedha za matumizi na magomvi yao ya kazini. Mwaka 2009 kampuni hiyohiyo ikaanza kuchambua takwimu zake za ndani ili ijue kama meneja ana faida yoyote, ikaibuka na tabia nane za meneja mzuri. Ya kwanza ilikuwa kuwa mkufunzi mzuri. Ujuzi wa kiufundi ulikuwemo, lakini katika nafasi ya nane. Kama unapewa umeneja kwa sababu wewe ndiye fundi kuliko wote ofisini, irudie sentensi hiyo.

Huku kwetu dhamana hii ina upande wa sheria ambao mafunzo mengi ya mtandaoni hayaugusi. Kenya, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kwa utendaji mbovu, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, awepo mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi aliyemchagua mwenyewe, na asikilizwe. Tanzania, anayeona ameachishwa bila utaratibu hupeleka shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Huko kinachotafutwa ni kumbukumbu: alionywa lini, kwa maneno gani, alipewa nafasi gani ya kujirekebisha. Anayepaswa kuwa na kumbukumbu hizo ni meneja wake.

Halafu kuna yale ambayo sheria inayaanza na wewe unayamalizia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa Mtanzania aliyefiwa na mzazi angalau siku nne za likizo yenye malipo. Kijana wako anayetoka Dar es Salaam kwenda kuzika Bukoba atazitumia karibu mbili kati ya hizo barabarani, kwenda na kurudi. Siku ya tano ni uamuzi wako, na timu nzima itakuwa inautazama.

Kiongozi wa kiufundi anadaiwa mfumo, hasa yale maamuzi ambayo deni lake huja miaka baadaye. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za intaneti za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika. Intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na kwa majirani. Mchana ule kampuni nyingi zilikuwa zikitafuta jibu la swali lililopaswa kuulizwa zamani: data zetu ziko wapi, na njia ya pili ni ipi? Seva za M-Pesa ya Kenya zilikuwa Ujerumani mpaka zilipohamishiwa nyumbani mwaka 2015, miaka minane baada ya huduma kuanza. Uamuzi wa aina hiyo hufanywa na watu wachache mapema, kisha mamilioni huishi nao. Kiongozi wa kiufundi ni mmoja wa hao wachache, na ataulizwa hata kama aliyeandika sehemu yenye hitilafu ni mtu mwingine.

Meneja wa bidhaa anadaiwa jambo moja gumu kupima: je, tulichojenga kilimfaa mtu? Mfumo unaweza kuwa imara, timu ikawa na furaha, na bado hakuna anayekitumia. Hapo anaulizwa yeye. Mfano ninaoupenda ni wa nyumbani. Majaribio ya M-Pesa ya mwaka 2005 yalikusudiwa kuwawezesha wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo kurejesha mikopo kwa simu. Watu wakaigeuza matumizi, wakawa wanatumiana fedha wao kwa wao. Waliokuwa wakiongoza mradi wangeweza kung'ang'ania mpango waliokuja nao. Wakafuata walichokiona, na Machi 2007 huduma ikazinduliwa kama njia ya kutuma fedha nyumbani.

Siku yako itakwendaje?

Kigezo hiki watu hukiruka, nami nadhani ndicho kinachowatoa wengi kazini mapema.

Siku ya meneja imekatwakatwa. Ukiwa na watu saba na ukakaa na kila mmoja ana kwa ana nusu saa kwa wiki, hizo ni saa tatu na nusu, na bado hujahesabu maandalizi. Ongeza usaili wa waombaji, kikao cha bajeti, kikao cha wakuu wa idara, na yule anayekuja mlangoni akisema "una dakika mbili?" huku macho yake yanaonyesha anahitaji saa nzima. Nafasi ya kukaa na tatizo moja kuanzia asubuhi hadi adhuhuri haipo. Kama bosi wako yuko California, ujue pia kwamba saa tatu asubuhi ya kule ni saa moja jioni au saa mbili usiku huku, kutegemea majira yao. Kikao chao cha kuanza siku ndicho kinachokula chakula chako cha jioni na watoto.

Nilipopewa timu kwa mara ya kwanza, Dar es Salaam, nilishindwa kukubali mabadiliko hayo. Mchana nilihudhuria vikao, usiku nilizichukua kazi ngumu za timu nikazifanya mwenyewe. Niliona nawasaidia. Mwezi wa tatu kijana mdogo kuliko wote aliniomba tuzungumze. Akasema kwa adabu sana, akitazama meza: "Kaka, kila kazi ngumu nikiikuta asubuhi umeshaimaliza. Mimi nitajifunza lini?" Nilikuwa naiba mafunzo ya watu niliokabidhiwa niwakuze, na sikujua. Ukiona huwezi kuiacha kazi ya kuandika programu, usiione kama aibu. Ni taarifa muhimu juu yako, na iheshimu kabla ya kusaini.

Siku ya kiongozi wa kiufundi ina vipande virefu zaidi, lakini usidhani ataendelea kuandika programu kama zamani. Sehemu kubwa ni kusoma: kazi za wenzake kabla hazijaingia kwenye mfumo, mapendekezo, ripoti za hitilafu. Sehemu nyingine ni kuandika maandishi ya kawaida, kurasa mbili tatu zinazoeleza kwa nini tuhame kanzidata hii, yaani ghala la data zetu, au tusihame. Tangu programu za akili mnemba zianze kuandika msimbo kwa kasi, kazi ya kusoma imezidi, kwa kuwa kinachoandikwa ni kingi na mwenye kuthibitisha ni yuleyule. Na kuna zamu. Mishahara ikiingia tarehe 25 na miamala ikipanda, wewe ndiye unayelala na simu karibu na sikio.

Siku nzuri za meneja wa bidhaa zinapita nje ya ofisi. Mwenzangu niliyemshikia nafasi alikuwa na desturi ya kwenda Kariakoo Jumamosi, akakaa kwenye kibanda cha wakala wa fedha za simu kuanzia asubuhi hadi jua linapozama. Huko aligundua jambo ambalo takwimu zetu hazikutuonyesha kwa mwaka mzima. Wakala mwenye kibanda alikuwa na binti wa kumshikia kazi, lakini programu yetu ilimtambua mtumiaji mmoja tu. Kwa hiyo mwenye mali alimwachia binti namba yake ya siri, na floti, yaani fedha ya kufanyia kazi, ikipungua hapakuwa na namna ya kujua nani alifanya muamala gani. Ugomvi wa namna hiyo ulikuwa ukivunja mahusiano ya watu, sisi tunahangaika na rangi ya kitufe. Alirudi Jumatatu na ombi moja: watumiaji wawili kwenye akaunti moja, kila mmoja na namba yake na kikomo chake. Siku zake nyingine zilikuwa nzito kwa vikao kuliko hata za meneja wa watu. Mauzo wanataka hiki, sheria wanazuia kile, wahandisi wanasema haiwezekani kabla ya mwezi wa tisa.

Una mamlaka gani hasa?

Kwenye karatasi meneja ndiye mwenye mamlaka zaidi. Anasaini likizo, anapendekeza nyongeza ya mshahara, jina lake liko juu ya majina mengine. Kwa vitendo mamlaka hayo yana mipaka, na mmoja wake ni umri. Sijaona mafunzo ya kigeni yanayomwandaa mtu wa miaka 28 kumtathmini fundi wa miaka 47. Asubuhi unampa shikamoo, naye anakujibu marahaba, na saa nne unatakiwa umwambie kwamba kazi yake imechelewesha wenzake kwa wiki mbili. Yote mawili yanawezekana, tena shikamoo inasaidia, kwa kuwa inampa uhakika kwamba huji kumshusha. Ongea naye faragha, mweleze kwa mifano na tarehe, muulize yeye anaonaje. Usimkosoe kamwe kwenye kundi la WhatsApp la ofisi. Nimeona timu iliyojengwa kwa miaka miwili ikivunjwa na ujumbe mmoja wa mistari mitatu ulioandikwa saa tano usiku.

Kiongozi wa kiufundi hana saini, ana sauti. Watu wanamfuata kwa sababu alikuwa sahihi jana na alieleza kwa subira. Sauti hiyo ikizoea kuwanyamazisha wengine inapotea polepole bila mwenyewe kujua. Tena hawezi kuurekebisha mfumo peke yake hata akiwa sahihi. Mtaalamu wa kompyuta Melvin Conway aliandika mwaka 1968 kwamba taasisi zinazobuni mifumo hutoa mifumo inayofanana na mawasiliano yao wenyewe. Kama idara ya mikopo na ya malipo hazisemezani, programu zao nazo hazitasemezana, na hapo kiongozi wa kiufundi anamhitaji meneja.

Mamlaka ya meneja wa bidhaa ndiyo yenye utata kuliko yote. Chimbuko la kazi yake hutajwa kuwa waraka ambao Neil McElroy aliuandika mwaka 1931 katika kampuni ya Procter & Gamble, akitetea kwamba kila chapa ya sabuni iwe na mtu wake wa kuifuatilia mwanzo hadi mwisho. Tangu hapo tatizo ni lilelile: unadaiwa matokeo ya watu usiowaamuru. Unadaiwa hata matokeo ya mambo yasiyo mkononi mwa kampuni. Tarehe 15 Julai 2021 Tanzania ilianza kutoza tozo ya miamala ya simu, kati ya shilingi 10 na 10,000 kulingana na kiasi kinachotumwa. Malalamiko yakawa makubwa, na Septemba mwaka huohuo viwango vikapunguzwa kwa asilimia 30. Meneja wa bidhaa aliyekuwa na huduma ya fedha za simu mikononi mwake katika miezi hiyo alipaswa kutenganisha lililotokana na tozo na lililotokana na programu yake, tena haraka, kabla timu haijaanza kubomoa kitu kisicho na kosa.

Nitatoa hali moja niwaweke wote watatu mbele yake, kwa sababu hapo ndipo tofauti huonekana wazi. Mradi umechelewa wiki sita. Mkurugenzi anauliza: "Niwaongezee watu wangapi?" Fred Brooks, aliyesimamia mfumo wa OS/360 pale IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi. Hesabu yake si ngumu: watu wanne wana njia sita za kuwasiliana wawili wawili, wanane wana 28, kumi na wawili wana 66. Meneja wa wahandisi atajibu kwa kuangalia watu: nani atawafundisha wageni, na huyo akifundisha kazi yake itafanywa na nani? Nani amechoka kiasi cha kukaribia kuacha kazi? Kiongozi wa kiufundi ataangalia mfumo: sehemu ipi inaweza kukatwa ikafanywa pembeni bila kusubiriana, na ipi ikigawanywa itazaa hitilafu? Meneja wa bidhaa atauliza kitu ambacho wenzake hawakukifikiria: katika vipengele kumi vilivyoahidiwa, mteja atalia kwa kukosa vipi? Mara nyingi ni vitatu. Jifikirie umekaa kwenye kikao hicho. Ulimi wako ungekimbilia jibu lipi kwanza? Mimi huliamini jibu hilo kuliko dodoso lolote la tabia za mtu.

Njia ya kurudi, na njia ya mbele

Umeneja umekuwa na misukosuko miaka hii. Meta, kampuni yenye Facebook, baada ya kupunguza wafanyakazi 11,000 Novemba 2022, ilitangaza Machi 2023 kupunguza wengine 10,000 na kufuta ngazi za usimamizi, huku baadhi ya mameneja wakitakiwa kurudi kwenye kazi za mikono. Septemba 2024 Andy Jassy, mkuu wa Amazon, aliziagiza idara zake kuongeza uwiano wa watendaji dhidi ya mameneja kwa angalau asilimia 15 kufikia mwisho wa robo ya kwanza ya 2025. Hayo ni ya Marekani, lakini vijana wa Nairobi, Kigali na Kampala wanaofanyia kampuni za nje wakiwa nyumbani wanayahisi moja kwa moja. Meneja aliyekaa miaka mitano bila kugusa msimbo anaweza kurudi. Nimerudi mimi mwenyewe, na ilinichukua zaidi ya nusu mwaka mikono kuchangamka tena. Wapo wanaobembea kwa makusudi, miaka miwili au mitatu huku, kisha huku, na wengi wao naona ni mameneja bora kwa sababu hiyo.

Njia ya kiufundi ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. IBM ilianza kuwapa mabingwa wake hadhi ya juu kabisa bila kuwafanya mameneja tangu miaka ya 1960, na kampuni kubwa za leo zina ngazi mbili zinazopanda sambamba kwa cheo na mshahara. Shida ya kwetu ni kwamba kampuni nyingi ndogo na za kati zina ngazi moja tu. Anayetaka nyongeza lazima aitwe meneja. Kwa njia hiyo kampuni inampoteza fundi mzuri na kupata meneja asiyetaka kazi yake, na wanaoumia zaidi ni walio chini yake. Kama uko mahali pa namna hiyo, omba ngazi ya kiufundi iandikwe kabla hujaomba jina lenyewe.

Meneja wa bidhaa hubeba ujuzi unaohamishika kirahisi kwenda kwenye biashara yake mwenyewe, mauzo au uongozi wa juu. Kurudi kwenye uhandisi ndiko kugumu. Kila mwaka anaokaa mbali na msimbo, daraja linazidi kuwa refu, na waajiri wanaanza kumsoma kama mtu wa upande ule.

Kwa hali yako

Kama furaha yako ya wiki hii ilitokana na mwenzako kufaulu jambo uliloanza kumwonyesha mwaka jana, na kama unaweza kukaa na mazungumzo magumu bila kuyaahirisha hadi Ijumaa ijayo, umeneja wa watu unakuita. Chukua timu ndogo kwanza. Watu watatu au wanne wanatosha kukufundisha karibu kila kitu, na makosa yako yatawagusa wachache.

Kama unaamka usiku ukiwaza kwa nini foleni ya miamala ilijaa saa mbili na dakika kumi, na hutaki kuliacha swali hilo hadi ulipate, baki upande wa kiufundi. Ila ujizoeze kuandika. Fundi asiyeweza kumweleza mhasibu kwa ukurasa mmoja kwa nini seva ya pili inahitajika atashindwa kuipata, na hasara itaitwa yake.

Kama huwa unauliza "lakini nani anakihitaji?" mpaka wenzako wanakuchoka, na uko tayari kukaa kwenye joto la kibanda ili upate jibu, jaribu bidhaa. Jaribu kwa kipengele kimoja kabla ya kubadili cheo. Omba ukifuatilie kuanzia malalamiko ya kwanza hadi mteja wa mia anapokitumia.

Kama uko kwenye kampuni changa ya watu sita, haya yote ni mzigo wa mtu mmoja, na pengine ni wewe. Huna cha kuchagua kwa sasa, ila una cha kupanga: ipe kila dhamana siku yake katika wiki, uone ipi unaiahirisha kila mara. Hiyo ndiyo ya kwanza kuiajiria mtu.

Kama una familia changa au mzazi mgonjwa wa kuuguza, angalia ratiba kabla ya heshima. Uliza vikao vya jioni ni vingapi na zamu ya usiku inazungukaje. Kiongozi wa kiufundi mwenye zamu kila wiki ya pili anaweza kuchoka kuliko meneja wa watu kumi.

Na kama unahitaji fedha, jambo ambalo halina haja ya kufichwa, pata kwanza kiwango cha kila njia kwa maandishi hapohapo ulipo. Huenda ngazi ya kiufundi inalipa sawa na hakuna aliyewahi kuuliza.

Barua ikiwa tayari mezani na mkurugenzi anasubiri jibu, omba siku tatu na majibu ya maswali manne kwa maandishi. Nani ataripoti kwangu, na nitakuwa na neno juu ya ajira na mishahara yao? Kazi ninayoiacha itashikwa na nani, kuanzia tarehe gani? Baada ya miezi sita mtanipima kwa kipi? Nikiona hapanifai, ninarudi kwenye nafasi gani na kwa mshahara upi? Likikosekana jibu la swali la nne, pendekeza uanze kwa kukaimu miezi mitatu.